Nafsi ya Bibi Salme

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitutaka tumfikirie mtu aliyeumbwa mzima, akielea hewani, haoni, hasikii, wala viungo vyake havigusani. Mtu huyo, alisema, angejua bado kuwa yupo. Yupo, naam, lakini ni nani? Mwaka 1902 Charles Horton Cooley wa Marekani alijibu kwamba wenzetu ndio kioo chetu: twajiona kwa namna tunavyodhani wao watuona.

Kisa cha Bibi Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, chazipima hoja zote mbili. Mwaka 1866 alitoroka kisiwani. Mwaka uliofuata akabatizwa huko Aden kwa jina la Emily, akaolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete, wakahamia Hamburg. Mume akafa mwaka 1870. Vioo vikawa viwili: kwao mwasi, ugenini kioja. Aliporudi kuzuru mwaka 1885, nduguye, Sultani Barghash, hakumpokea.

Lau nafsi ingekuwa kioo tu, yake ingevunjika. Lakini utotoni alikuwa amejifundisha kuandika kwa siri, akinakili Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mkono uleule ukawaandikia wanawe kumbukumbu, zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na humo Salme na Emily wazungumza kwa sauti moja. Jamii ilimpa majina mawili. Kuyaunganisha ilikuwa kazi yake mwenyewe.