Tarehe na saa katika maktaba za programu: hesabu ya Nakuru

Maktaba ya tarehe ni msimbo uliokwisha kuandikwa, ambao mtengenezaji programu huuazima asije akahesabu siku, miezi na saa kwa mkono. Hufanya kazi mbili: kutunza wakati ndani ya kompyuta, na kuuandika ili msomaji auelewe. Ya kwanza ina suluhisho zuri. Ya pili, kwa Kiswahili, bado inachechemea.

JavaScript hutunza wakati kwa kuhesabu milisekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima. Nakuru, kama Kenya nzima, imeitangulia UTC kwa saa tatu, na ukanda wake huitwa Africa/Nairobi. Afadhali kutumia jina hilo kuliko kuandika +03:00, kwani limebeba historia: mwaka 1941 Kenya ilitangulia kwa saa mbili na dakika 45 tu. Anayeingiza kumbukumbu za mwaka huo kwa kujumlisha tatu hukosea robo saa. Kosa la leo ni kubwa zaidi. Maua ya Naivasha huuzwa Uholanzi, nchi inayosogeza saa zake mara mbili kwa mwaka ilhali Kenya haisogezi; programu iliyoambiwa “toa mbili” huwa sahihi wakati wa baridi, kisha hukosea saa nzima tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba.

Katika kuandika, 04/05/2025 ni tarehe 4 Mei kwa Mkenya na 5 Aprili kwa Mmarekani. Kiwango cha ISO 8601 humaliza ubishi: 2025-05-04.

Kwenye saa ndipo penye kazi. Maktaba ya Moment.js ina Kiswahili chake, nacho huweka neno “saa” mbele ya tarakimu za saa ya kimataifa. Maneno yametafsiriwa, saa haikutafsiriwa. Tuseme tikiti ya matatu ya Nairobi imeandikwa “kesho saa 08:00”. Abiria husoma saa nane, akafika stendi mchana. Gari liliondoka saa mbili asubuhi.

Dawa ni fupi: jumlisha 6, gawanya kwa 12, chukua baki, baki likiwa sifuri, andika 12. Hivyo 14 huwa nane, na 18 huwa kumi na mbili. Kisha ongeza asubuhi, mchana, jioni au usiku, la sivyo saa mbili zitakuwa mbili. Hesabu hii haihitaji kurekebishwa kwa majira, maana Nakuru iko karibu na ikweta: mwaka mzima jua huchomoza takriban kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo.

Mtego mwingine uko kwenye siku za wiki, ambazo maktaba huzipa namba. Jumatatu, pamoja na jina lake, ni 1 katika JavaScript na 0 katika Python.