Santuri na Sauti: Upekee wa Gitaa la Mwenda Jean Bosco, 1952–1990

Historia ya gitaa katika Afrika ya Mashariki na Kati mara nyingi huanzia kwenye santuri, na miongoni mwa santuri hizo "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco hushika nafasi ya mbele. Hugh Tracey aliirekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji wa migodi wa Katanga ambao leo huitwa Likasi. Tangu hapo imezoeleka kusimuliwa kwamba Mwenda "aligunduliwa" na mrekodi huyo, kana kwamba sauti yake ilizaliwa pale mtambo ulipowashwa. Makala hii inapinga mkabala huo. Inadai kwamba upekee wa Mwenda ulitokana na namna alivyoutumia urithi uliomzunguka, na kwamba santuri iliueneza upekee huo na papo hapo kuuficha kwa kiasi fulani.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, mji uliokuwa makao makuu ya Msiri, mtawala wa karne ya 19 ambaye asili yake ilikuwa kwa Wasumbwa wa magharibi mwa Tanzania ya leo. Misafara ya biashara ilikifikisha Kiswahili huko. Baadaye migodi ya Union Minière, shirika lililoanzishwa mwaka 1906, ilikusanya vibarua wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha ya makambi na mitaa. Lahaja hiyo ilipopimwa kwa kipimo cha Kiunguja, ilionekana kuwa imeharibika. Hata hivyo, ndiyo iliyobeba nyimbo nyingi za Mwenda. Gitaa nalo lilikuwa na hali kama hiyo: lilitoka nje, likapata wenyewe, likapigwa kwa kanuni za wenyewe hao.

Kanuni hizo hudhihirika katika mkono wa kulia. Mwenda alitumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba lilishika nyuzi nene, na cha shahada kikachuma tuni juu yake, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. David Rycroft, aliyechapisha uchambuzi wake wa uboreshaji papo kwa papo wa Mwenda mwaka 1961 na 1962, alionyesha kwamba mzunguko wa msingi hurudiwa huku vijenzi vyake vikibadilishwa. Hali hii inafahamika vyema kwa wachunguzi wa fasihi simulizi. Ngano huwa moja, lakini kila utambaji huwa na sura yake. Ubunifu wa fanani haupimwi kwa kisa alichokirithi. Hupimwa kwa maamuzi anayoyafanya mbele ya hadhira.

Santuri ilihifadhi utendaji mmoja tu kati ya mingi. Ilipoenea, na Mwenda mwenyewe alipofika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, wapigaji vijana wa Kenya walipata kielelezo cha kuiga. Hapa pana haja ya kutofautisha uigaji wa aina mbili. Wa kwanza hunakili matini: noti zilezile, kwa mpangilio uleule. Wa pili hujifunza sarufi iliyoizaa matini hiyo, kisha huitumia kusema jambo jingine. Edouard Masengo, jamaa yake Mwenda, alitoka katika mazingira yaleyale, lakini msikilizaji makini hawachanganyi wawili hao. Mazingira ya pamoja, basi, hayatoshi kuueleza upekee. Hutoa msamiati tu.

Tofauti hiyo inaeleza pia kwa nini mpiga gitaa John Low hakuridhika na santuri, bali alisafiri hadi Shaba kujifunza kwa wapigaji wenyewe, safari aliyoiandika katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1982. Mwaka 1988 Mwenda alirekodi tena huko Cape Town, miaka 36 baada ya "Masanga", na mwaka 1990 akafariki.

Kwa mtafiti wa fasihi na muziki, funzo ni la kimbinu. Rekodi ya 1952 isichukuliwe kuwa nakala asilia ambayo nyingine zote ni mapotoko yake. Ilinganishwe na rekodi za baadaye kama utendaji mmoja kwa mwingine. Yanayodumu katika mabadiliko hayo ndiyo yanayostahili kuitwa sauti ya Mwenda, na sauti hiyo ilikuwepo mitaani Jadotville kabla Tracey hajafika.