Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mwekezaji na Chama cha Wafanyakazi

Mpenzi msomaji, uwe Karambi, Bwera au Kasese mjini, bila shaka umewahi kusikia hoja hii: uchumi unapodorora, wafanyakazi wanyamaze ili mwekezaji wa kigeni asitishike. Kabla hujaikubali au kuikataa, itazame historia ya nchi yetu.

Tuanze nyumbani. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese, na shaba ya Kilembe ikaanza kusafirishwa hadi Jinja, ambako iliyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls. Mtaji mkubwa ulitoka Kanada, kwa kampuni ya Falconbridge. Katika miaka ya 1960 shaba ilishika nafasi ya tatu, baada ya kahawa na pamba, kati ya bidhaa ambazo Uganda iliuza nje. Kisha bei yake duniani ikaanguka katikati ya miaka ya 1970, utawala wa Idi Amin ukavuruga uchumi, na Wakanada wakaondoka. Mwaka 1982 uchimbaji ulisimama. Zingatia hili: kilichoufunga mgodi ni bei na siasa, wala si mgomo.

Sasa twende Kampala. Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria ya AGOA, iliyofungua soko lake kwa bidhaa nyingi za Afrika bila ushuru. Uganda ikamkaribisha mwekezaji kutoka Sri Lanka, na mwaka 2003 kiwanda cha nguo cha Tri-Star kikaanza kazi Bugolobi, serikali ikiidhamini mikopo yake. Oktoba mwaka huohuo wafanyakazi, wengi wao wasichana, waligoma wakilalamikia masharti ya kazi. Zaidi ya 200 walifukuzwa. Rais Museveni alitetea hatua hiyo, akisema kwamba mgomo wa namna hiyo ungewatisha wawekezaji. Wasichana waliondoka, lakini kiwanda nacho hakikudumu: baada ya miaka michache kilifungwa, kikiacha madeni. Ukimya haukukiokoa.

Hapa tuitazame lugha. Neno "mwekezaji" latokana na kitenzi "wekeza", nacho kimetokana na "weka". Awekaye mali yake aweza pia kuiondoa. Mfanyakazi hana la kuondoa ila nguvu zake. Ndiyo maana Katiba ya 1995, ibara ya 40, inampa haki ya kuunda chama au kujiunga nacho, kujadiliana na mwajiri kwa pamoja, na kugoma kwa kufuata sheria. Mwaka 2006 zilipitishwa sheria mpya za ajira na za vyama vya wafanyakazi ili kuzipa haki hizo nguvu.

Ni kweli kwamba mwekezaji hulinganisha nchi kabla ya kuchagua, na mgomo usio na mpango humwumiza kila mtu. Lakini mgomo wa namna hiyo huzuka pale ambapo hakuna meza ya mazungumzo. Chama kinachotambuliwa huileta meza hiyo. Soko likianguka, huweza kujadili saa za kazi zipunguzwe vipi na nani alipwe nini akiachishwa.

Suala hili halijapitwa na wakati. Jinja ileile iliyoyeyusha shaba yetu sasa ina kiwanda cha Kiira Motors, kampuni ya serikali inayounda mabasi ya umeme. Betri nyingi za magari ya umeme huhitaji kobalti, madini ambayo Kasese ilianza kuyachuja mwaka 1999 kutoka katika masalia ya mgodi wa Kilembe. Wageni watakuja tena, kwa magari au kwa madini.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi, msomaji wangu, mgeni ajapo, usiulize tu ameahidi ajira ngapi. Uliza pia kama mwenyeji ana kiti mezani, na kama yaliyokubaliwa yameandikwa na kutiwa sahihi. Shaba ikishuka bei, maandishi hayo ndiyo yatakayobaki mikononi mwake.