Muamala uliokwama wa kripto

Muamala uliokwama ni malipo ya sarafu za kripto, kama vile Bitcoin au Ethereum, ambayo mwenye pochi ameyatuma lakini hayajaingizwa katika bloku yoyote. Salio la mtumaji huonekana limepungua huku mpokeaji hajapata kitu. Kwa kweli sarafu bado ziko kwenye anwani ya mtumaji.

Sababu kuu ni ada ndogo. Bloku ya Bitcoin hupatikana kila baada ya dakika 10 hivi na nafasi yake ni finyu, kwa hiyo wachimbaji huanza na miamala yenye ada kubwa. Mingine hubaki kwenye foleni. Tarehe 20 Aprili 2024, zawadi ya wachimbaji ilipopunguzwa kwa nusu, ada ya wastani ilipita dola 100 za Marekani. Simu kuzimika au mtandao kukatika baada ya kutuma hakubadilishi chochote, maana muamala umeshasambaa kwenye kompyuta nyingi duniani. Kufuta programu ya pochi nako hakusaidii, tena ni hatari kwa asiyehifadhi maneno yake ya siri.

Utatuzi

Kwanza hutafutwa namba ya muamala katika tovuti ya wazi inayoonyesha bloku. Usipoonekana, huenda soko linalotunza sarafu halijautuma, na hilo ndilo la kuulizwa. Ukionekana unasubiri, mara nyingi kungoja kunatosha: kwa kawaida nodi za Bitcoin huuondoa kwenye foleni baada ya siku 14, na salio likarudi. Asiyeweza kungoja huutuma upya kwa ada kubwa zaidi, kama pochi yake inaruhusu. Mpokeaji pia anaweza kuzitumia sarafu hizo zinazosubiri kwa ada nono. Mchimbaji anayeitaka ada hiyo hulazimika kuuchukua na muamala wa kwanza.

Kwenye Ethereum kila muamala wa anwani una namba ya mfululizo. Mmoja ukikwama, inayofuata yote husimama nyuma yake. Hapo hutumwa mwingine wenye namba ileile na ada ya juu, hata wa kiasi sifuri kwenda kwa mtumaji mwenyewe. Muamala uliokwisha kuthibitishwa haufutwi kwa njia hizi.

Nchini Tanzania

Mkazi wa Ujiji aliyekosea namba kwenye M-Pesa huipigia simu kampuni, na fedha zinaweza kuzuiliwa kama hazijatolewa. Bitcoin haina ofisi ya namna hiyo. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuwa sarafu hizo si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ijiandae kwa ujio wake, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamisho wa mali za kidijitali.

Pengo hilo hutumiwa na matapeli wanaojitangaza kwenye WhatsApp na Telegram kuwa mafundi wa kukwamua miamala. Huomba "ada ya kufungua", au maneno 12 au 24 ya siri ya pochi. Hakuna hatua kati ya zilizotajwa hapo juu inayohitaji maneno hayo apewe mtu mwingine. Anayeyapata anaweza kuhamisha salio lote akiwa popote duniani.