Kiunzi cha Kupasulia Mbao

Chenso, au msumeno wa mnyororo, ni mashine ya kuangushia mti na kukatia magogo. Ukitaka ikupe mbao zilizonyooka, ni vyema uifunge kwenye fremu ya chuma itakayoiongoza ilale sawasawa juu ya gogo, mwanzo hadi mwisho. Wamarekani, ambao kampuni yao ya Granberg huuza fremu hiyo kwa jina la Alaskan, huiita “mill”, neno lile lile wanalotumia kwa kiwanda cha mbao na kwa kinu cha nafaka. Anayefasiri kwa kamusi tu ataandika “kinu cha msumeno”, na fundi wa Magoma, Korogwe, atauliza unga uko wapi.

Mimi nasema kiunzi cha kupasulia. Kukata ni kukatisha nyuzi za mti. Kupasua, ambako wengine hukuita kuchana, ni kuzifuata. Hata meno yanalijua hilo: mnyororo wa kukatia hunolewa kwa pembe ya digrii 25 hadi 35, wa kupasulia karibu digrii 10. Pasua kwa meno ya kukatia uone injini inavyolemewa na mbao inavyotoka na makwaruzo.

Kiunzi chenyewe si kazi ngumu kwa fundi wa kuchomelea: skwea paipu mbili sambamba, vibanio viwili vya kukamata bapa la chuma linalobeba mnyororo, na vyuma vyenye hesi vya kupandisha na kushusha ili upate unene unaotaka. Kasheshe ni mpasuo wa kwanza, maana gogo ni mviringo. Hapo hupigiliwa ubao ulionyooka au ngazi juu ya gogo, kiunzi kikapita juu yake. Mpasuo wa pili hufuata uso bapa uliokwisha kupatikana. Kabari zichomekwe nyuma ya msumeno, la sivyo mbao hubana mnyororo.

Kwa nini nisikiite “kiwanda kidogo”? Kiwanda hungoja gogo. Enzi ya Wajerumani, kampuni ya Wilkins & Wiese ilikuwa na kiwanda Neu-Hornow, huko Shume kwenye milima ya Usambara, na mbao zikashushwa kwa nyaya hadi reli ya Mkumbara. Kiunzi hulifuata gogo lilipoangukia. Juu ya bonde la Lwengera, kwenye milima hiyo hiyo, mahali ambapo lori halifiki, mbao huweza kushuka mabegani.

Hasara yake ni vumbi. Kila mpasuo hula milimita 8 hadi 10, na mbao ya inchi 1 ni milimita 25 tu. Ukipasua mbao kumi, umemwaga chini unga wa mbao tatu hadi nne. Msumeno wa utepe wa kiwandani hula milimita 2 au 3. Kwa hiyo mwenye magogo mengi karibu na barabara ayapeleke kiwandani; kiunzi kimfae mwenye mgrivea mmoja mtelemkoni, na hata huyo apite kwanza ofisi ya misitu kuulizia kibali.