Chumvi Iliyopima Joto la Moto

Ukichomeka waya wa kipimajoto ndani ya moto wa gesi, joto utakalosoma ni la waya, si la moto. Waya unapong'aa hurusha joto lake nje, kwa hiyo daima husoma chini kidogo. Kwenye moto wa oksijeni na asetilini, unaopita nyuzi 3,000 za Selsiasi, hata kusoma huko hakupo: waya wa platinamu huyeyuka kwenye nyuzi 1,768.

Njia ya kuupima moto bila kuugusa ilianzia kwenye chumvi ya kawaida. Chumvi ikinyunyizwa motoni, sodiamu iliyomo huutia moto rangi ya manjano. Ukiutazama kwa spektroskopu, chombo kinachotenganisha rangi za mwanga, manjano hayo ni mistari miwili iliyobanana, ya nanomita 589.0 na 589.6. Mahali hapo hapo, mwaka 1814, Joseph von Fraunhofer aliona weusi katika mwanga wa jua, akaupa herufi D.

Mwaka 1859, mjini Heidelberg, Ujerumani, Gustav Kirchhoff alipitisha mwanga wa jua katikati ya moto wenye chumvi. Jua likiwa hafifu, mistari iling'aa. Alipoliachia jua lenye nguvu, mistari ile ile ikazidi kuwa myeusi. Kumbe gesi hufyonza rangi ile ile inayoitoa, na kinachoshinda ni chenye joto zaidi: moto, au kilicho nyuma yake.

Hapo kipimajoto kilikuwa kimekwisha kupatikana, ila hakuna aliyekiona. Kirchhoff na mwenzake Robert Bunsen walikuwa na hamu ya mambo mengine, wakagundua seziamu mwaka 1860 na rubidiamu mwaka uliofuata. Siwalaumu; nani angehangaika na moto wa mezani wakati jua lenyewe limeanza kueleza limeumbwa kwa vitu gani?

Ilichukua zaidi ya miaka 40. Mwaka 1903 Mfaransa Charles Féry alieleza mbinu yenyewe: nyuma ya moto wenye chumvi weka taa, kisha ongeza au punguza umeme wake. Taa ikizidiwa joto, mstari hung'aa. Ikizidi, mstari huwa mweusi. Mstari ukipotea kabisa, vimelingana. Joto la taa likishajulikana, la moto limepatikana.

Mbinu hiyo hutoa jibu moja kwa unene wote wa moto, hata kama katikati na kingoni joto ni tofauti. Tangu miaka ya 1970 leza zimeondoa kasoro hiyo: hupima nukta moja tu, tena bila chumvi, kwa kusoma naitrojeni iliyomo hewani.