Simba wa Tsavo na Nyoka wa Chuma

Watu wengi wameandika juu ya simba wawili waliokula watu penye mto Tsavo mwaka 1898, na karibu wote wameandika kama wawindaji. Mimi si mwindaji. Nataka kutazama maneno waliyosema wale walioliwa kabla ya kuliwa, kwa maana maneno hayo nayo ni sehemu ya historia.

Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Mwezi wa Machi 1898 akafika Tsavo Mwingereza aitwaye J. H. Patterson, ili asimamie ujenzi wa daraja. Hazikupita siku nyingi ila vibarua wakaanza kuchukuliwa usiku hemani mwao. Wakajenga maboma ya miiba, simba wakapenya. Wakawasha mioto, simba hawakuogopa. Patterson akaketi juu ya mti na bunduki yake, nao wakala watu upande wa pili wa kambi. Basi vibarua wakamwambia kwamba anajisumbua bure, kwani hao si simba. Ni roho za wakuu wawili wa nchi hiyo waliokufa zamani, wamevaa maumbo ya simba ili waizuie reli isipite katika ardhi yao, na risasi haiwezi kuwapata.

Msomaji asicheke upesi. Simba hao walikuwa wawili, tena madume, wote hawana singa shingoni, nao walikuwa na akili ya kubadili mahali kila usiku. Tarehe 1 Desemba vibarua wengi waliisimamisha garimoshi iliyokuwa ikipita, wakajitupa mbele yake, wakapanda na mizigo yao, wakakimbia. Kazi ilisimama muda wa majuma matatu. Roho zilizotaka kuizuia reli, basi, ziliizuia kweli kwa kitambo! Tarehe 9 Desemba simba wa kwanza akauawa, na wa pili tarehe 29.

Wenye elimu ya wanyama wameeleza sababu nyingine. Sotoka ilikuwa imeua ng'ombe na nyati wengi sana katika miaka ya 1890, hata chakula cha simba kikapungua. Tena Tsavo ni kivuko cha njia ya misafara ya kale, na wapagazi waliokufa njiani mara nyingi waliachwa bila kuzikwa. Na fuvu la simba wa kwanza laonyesha chonge iliyovunjika, na mzizi wake umetunga usaha. Mnyama wa namna hiyo hawezi kumshika punda milia kwa urahisi. Nakubali maelezo hayo yote. Lakini hayajibu kwa nini watu walisema *wakuu*. Naona neno hilo lilikuwa ni shtaka. Ardhi ilikuwa imechukuliwa pasipo kuwauliza wenyewe, na mtu asiyeweza kumshtaki bwana wa reli aliweza kumwachia simba kesi yake.

Karibu na hadithi hiyo kuna nyingine ya nyoka. Wakikuyu humtaja Mugo wa Kibiro, aliyeagua kwamba watakuja wageni pamoja na nyoka wa chuma atakayetambaa toka maji ya mashariki hata maji ya magharibi. Wanandi nao humtaja Kimnyole, mwaguzi wao mkuu, aliyesema juu ya nyoka atemaye moshi atokaye baharini kwenda kunywa maji ya ziwa. Reli ilifika ziwa Nyanza mwaka 1901. Maaguzi haya yaliandikwa baada ya reli kuwapo, nami huwaonya wanafunzi wangu juu ya jambo hilo, maana kinywa hurekebisha yaliyopita. Walakini Kimnyole aliuawa na watu wake mwenyewe yapata mwaka 1890, na wapimaji wa njia ya reli hawakuanza safari yao ila mwishoni mwa 1891.

Jambo jingine ni la Kima, kituo cha reli katika nchi ya Wakamba. Mwezi wa Juni 1900 Charles Ryall, mkubwa wa polisi ya reli, alilala ndani ya behewa hapo pamoja na wenziwe wawili, wakimvizia simba. Usingizi ukamshinda mlinzi, simba akaingia mlangoni, akatoka dirishani na maiti ya Ryall. Ajuaye Kiswahili asikiapo jina la mahali hapo, kwanza hufikiri nyama iliyokatwakatwa. Ni sadfa tu. Lakini sikuweza kuisoma habari hiyo bila mwili kunisisimka.

Hesabu ya waliokufa Tsavo haijatulia. Patterson aliandika vibarua 28 wa Kihindi, na baadaye akataja watu 135. Uchunguzi wa mifupa na manyoya ya simba uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria kama 35. Ngozi zilikuwa mazulia nyumbani kwake hata mwaka 1924, zilipouzwa kwa jumba la makumbusho la Chicago. Na mwaka 2024 nywele zilizonasa katika meno yao zilionekana kuwa za twiga, choroa, kuro, nyumbu, punda milia, na za binadamu. Kwa habari ya Waafrika walioliwa, Patterson mwenyewe alikiri kwamba hapakuwa na daftari yao. Wala majina ya wale wakuu wawili hakuyataja.